Mbingu kuvujia baharini

Mwalimu, umeuliza kwa nini watoto wakichora kisiwa cha Manda kutoka gatini Lamu, mbingu huvujia baharini na mikoko huwa kama ukuta.

Rangi ya maji huvuja karatasi ikiwa bado mbichi. Wapake mbingu kwanza, wangoje mpaka karatasi isiwe baridi ukiigusa kwa mgongo wa kidole, ndipo waipake bahari. Karatasi ya daftari hujikunja. Tafuta nzito, ya gramu 200 kwa mita mraba, uibane ubaoni kwa utepe pande zote nne.

Mikoko ya mbali ipakwe kijani chenye maji mengi na tone la buluu. Ya karibu, kijani kizito na nyekundu kidogo. Nyeusi iondoe kabisa mezani, inaua kijani! Na nendeni alasiri: asubuhi jua hutoka upande wa Manda, likawapiga machoni.