Ukialikwa kwenye mkutano wa muungano wa vyuo vikuu vya Ulaya, mtafute mtu wa dawati lako

Misimu ya mikutano ikikaribia, simu yangu hujaa maswali ya aina moja. Leo ni dada anayesoma uzamivu Leuven, kesho kaka wa ofisi ya udahili Kampala, keshokutwa mkutubi aliyehamia Stockholm. "Wamenialika kwenye mkutano wa muungano wa vyuo, siku tatu. Niende? Nikifika nifanye nini?" Nimechoka kumjibu kila mmoja kwa ujumbe wa sauti, basi naandika mara moja.

Nenda. Ila usiende kwa ajili ya ukumbi mkubwa; nenda ukamtafute mtu wa dawati lako, yaani anayefanya kazi kama yako katika chuo kingine.

Kwa asiyejua habari yenyewe: Septemba 2017 Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alihutubia pale chuo cha Sorbonne, Paris, akataka Ulaya iwe na "vyuo vikuu vya Ulaya" kama 20 hivi kufikia 2024. Hakumaanisha kujenga majengo mapya. Alitaka vyuo vilivyopo katika nchi mbalimbali vifungamane, mwanafunzi aweze kusoma huku na kule na kupata shahada inayotambuliwa pande zote. Umoja wa Ulaya ukaweka fedha kupitia Erasmus+, mpango wake wa kugharimia elimu na mabadilishano ya wanafunzi; miungano 17 ya kwanza ikachaguliwa Juni 2019, na kufikia katikati ya 2024 ilikuwa imefika 64, yenye vyuo zaidi ya 560 katika nchi 35. Kundi la kwanza lilipewa hadi yuro milioni 5 kwa miaka mitatu. Baadaye kiwango cha juu kikapanda hadi milioni 14.4 kwa miaka minne. Zinasikika nyingi mpaka uzigawe: muungano wa vyuo kumi, kila chuo kinabaki na kama yuro laki tatu na elfu sitini kwa mwaka, na humo kuna mishahara, nauli na mifumo ya kompyuta. Zikumbuke hesabu hizo siku mtu atakapokuahidi makubwa jukwaani.

Kila muungano una makutano yake. CIVIS wana CIVIS Days, EUTOPIA wana wiki yao, Una Europa wana Mkutano Mkuu wao, na vyuo wanachama hupokezana uenyeji. Marekta, yaani wakuu wa vyuo, kukutana si jambo jipya. Coimbra Group, umoja wa vyuo vikongwe vya Ulaya ulioanza 1985, una mkutano wake wa kila mwaka unaohama kutoka chuo hiki kwenda kile, na Septemba 1988 marekta walijaa Bologna kutia saini Magna Charta Universitatum, hati ya misingi ya vyuo vikuu, chuo cha huko kikiadhimisha miaka 900. Jipya katika miungano hii ni kwamba siku hizi anaitwa pia karani, mtu wa mtandao, mkutubi, mhasibu na mwanafunzi. Na hao ndio wenye kazi.

Nasema hivyo kwa sababu mimi ni mtu wa rekodi za wanafunzi. Ninafanya kazi katika chuo kilichomo ndani ya muungano mmojawapo, sitautaja, na kila kilichowahi kutatuliwa mezani kwangu kupitia mikutano hii kilitatuliwa na watu ambao picha zao hazikuwekwa kwenye taarifa kwa vyombo vya habari.

Chukua suala la alama. Marekta wakishasaini hati ya ushirikiano, wanafunzi huanza kwenda na kurudi, na wanaporudi huleta alama. Italia wanasahihisha kwa 30, wa kufaulu anaanzia 18, na aliyefanya vizuri kupindukia hupewa 30 na sifa juu yake. Ufaransa wanahesabu kwa 20, na profesa wa Kifaransa akikupa 16 amekupenda; 20 wengine hawajawahi kuiona. Hispania wanatumia 10. Finland mwisho ni 5. Sasa kuna kichekesho cha Poland na Ujerumani: Kraków ukipata 5 unapiga simu nyumbani kushangilia, Berlin ukipata 5 umefeli, kwa sababu Wajerumani wanahesabu kinyume, bora ni 1. Mfumo wa krediti wa Ulaya, ECTS, unasaidia upande wa uzito tu: mwaka mzima ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Unakwambia kozi ni kubwa kiasi gani, haukwambii kijana alifaulu vipi.

Tuliwahi kuwa na mwanafunzi aliyerudi kutoka chuo kimoja cha Italia na alama 27. Mfumo wetu haukuikubali. Nikaandika barua pepe, nikajibiwa na mashine. Nikaandika tena, nikaelekezwa ofisi nyingine. Muhula ukaisha, kijana anataka kuomba nafasi ya uzamili na kwenye cheti chake pameachwa wazi. Mkutano ulipofika, nilimkuta mama mmoja wa ofisi ya usajili ya chuo kile kile, tukakaa pembeni wakati wengine wanasikiliza hotuba ya ufunguzi. Akafungua kompyuta yake, akanionyesha jinsi alama za kozi ile zilivyogawanyika kwa wanafunzi wote: wangapi walipata 30, wangapi 27, wangapi 18. Nikaziweka kando ya mgawanyo wa kwetu. Kikombe cha kahawa hakijapoa tukawa na jedwali la kulinganisha alama zao na zetu. Jedwali hilo, likiwa limeboreshwa, linatumika mpaka leo kwa kila anayekwenda kwao.

Ushauri wangu wa kwanza unatoka hapo: beba tatizo moja la kweli. Usibebe mada, wala "maeneo ya ushirikiano". Beba jalada moja lililokwama, bila jina la mwanafunzi, na nakala ya kile mfumo wenu unachokataa. Watu wa ofisi hufunguka haraka wakiona karatasi. Na ukiwa ofisi ya Kampala au Dar es Salaam, tatizo lako ni halali kama la mwingine. CIVIS, kwa mfano, ina vyuo washirika barani Afrika na Makerere ni kimojawapo, kwa hiyo mtu wa usajili wa Makerere ana haki kamili ya kuuliza kozi fupi ya Roma au Tübingen, vyuo wanachama wa CIVIS, itaingiaje kwenye cheti cha mwanafunzi wake.

Ukitaka kitu kinachoweza kuzaliwa ndani ya siku tatu, elekeza nguvu kwenye kozi fupi za mseto. Chini ya Erasmus+ ya sasa, kozi ya namna hii inakuwa na sehemu ya mtandaoni na siku 5 hadi 30 za kukutana ana kwa ana, na lazima itoe krediti zisizopungua 3. Walimu watatu wa nchi tatu wanaweza kuipanga kwenye meza ya chakula cha mchana. Shahada ya pamoja ni jambo jingine kabisa. Una Europa waliweza kuanzisha shahada yao ya kwanza ya masomo ya Ulaya na ikapokea wanafunzi 2022, lakini nyuma yake kuna sheria za ithibati za kila nchi, ada zinazotofautiana, hata swali la nembo ya nani itakaa juu kwenye cheti. Mawaziri wa elimu wa nchi za Ulaya walikubaliana Yerevan, Armenia, 2015 juu ya namna moja ya kukagua ubora wa programu za pamoja, na bado si kila nchi imeifungulia mlango vizuri. Akikwambia mtu "tuanzishe shahada ya pamoja" siku ya kwanza, tabasamu, umwombe kalenda ya mihula yao. Ujerumani mihadhara ya majira ya baridi huanza Oktoba, Sweden wanaanza mwishoni mwa Agosti. Mkikubaliana tarehe ya kufungua tu, mmefanya kazi kubwa.

Sasa niseme jambo linalotuhusu sisi zaidi. Ukiwa Mwafrika kwenye mikutano hii, waandaaji watakupanga kwenye kikao cha Afrika. Hawana nia mbaya, wanataka sauti yako isikike. Tatizo ni kwamba kikao hicho mara nyingi hufanyika saa ile ile watu wa dawati lako wanapokutana chumba cha pili. Umeajiriwa kushughulikia rekodi, au maktaba, au fedha, halafu unajikuta unaeleza bara zima kwa dakika kumi. Mimi huwaandikia mapema, kwa adabu: nitafurahi kuhudhuria, naomba kikao cha wasajili kisigongane nacho. Wakati mwingine wanarekebisha. Wasiporekebisha, naenda kwa wasajili. Ukiwa mtafiti wa mambo ya Afrika, bila shaka hesabu yako ni nyingine.

Kuhusu adabu za watu. Wasweden watakuita kwa jina lako la kwanza kabla hujavua koti, na rekta wao naye ni hivyo hivyo. Ujerumani, hasa kwa wazee, anza na Profesa na Daktari mpaka mwenyewe akuruhusu. Helsinki chakula cha mchana kinaweza kuwa saa tano, Madrid cha usiku kinaweza kuanza saa nne, kwa hiyo weka biskuti mkobani. Kiingereza kinachozungumzwa humo si cha mama wa mtu yeyote. Ongea taratibu, na ukiona mhasibu wa kutoka Bucharest au Marseille amenyamaza mchana kutwa, usidhani hana la kusema. Kaa naye mezani jioni. Salamu zetu ndefu, za kuuliza safari na watoto na hali ya hewa, zimenifungulia milango mingi kuliko slaidi.

Kinachofanya mikutano hii iwe na maana ni kurudi kwa watu wale wale. Mkutano mmoja unakupa kadi za mawasiliano. Wa pili mnakumbushana ahadi. Kuanzia wa tatu ndipo mtu anakupigia simu ya kawaida, bila barua, kuuliza "hii fomu mpya mmeielewa?" Ndiyo maana nabishana na wakuu wangu kila wanapotaka kutuma mtu tofauti kila safari "ili wote wapate nafasi". Nafasi ya kusafiri wapewe wote, sawa, kwa njia nyingine. Kikosi kazi kikibadilisha sura kila mara, kila mkutano unaanza na kujitambulisha na kuishia hapo. Kama mkuu wako anashikilia mzunguko, omba mwende wawili: mmoja wa zamani, mmoja mpya.

Uenyeji nao huzunguka kama upatu, na kama upatu ulivyo, wapo wanaopoa wakishapokea. Chuo kikiandaa mkutano mwaka huu kinajituma, ukumbi umepambwa, rekta yupo siku zote tatu. Mwaka unaofuata, zamu ikiwa ya wengine, kinatuma mtu mmoja aliyechoka. Angalia hilo kabla ya kuamua uwekeze muda wako kwa nani. Chuo kinachotuma watu wazuri wakati si mwenyeji, hicho ndicho cha kufanya nacho kazi.

Kuna wanaosema yote haya yangefanyika mtandaoni, tukaokoa nauli na moshi wa ndege. Kwa sehemu nakubali. Vikao vya kila mwezi vya kikosi kazi chetu ni vya mtandaoni na vinatosha, kwa sababu tunafahamiana tayari. Mgeni aliyejiunga mtandaoni tu, sijamwona akithubutu kusema "sisi hatuwezi". Ana kwa ana wanasema, na neno hilo likisemwa mapema linaokoa miezi. Penye treni, panda treni. Kutoka Leuven au Brussels kwenda Paris ndege haina sababu.

Kabla hamjaagana, hakikisha kumbukumbu za kikao chenu zina majina ya watu na tarehe. "Vyuo vitaendelea kushauriana" maana yake hakuna atakayefanya kitu. Mimi huomba kuandika mwenyewe. Hakuna anayekataa, kazi hiyo haipendwi, na anayeandika ndiye anayepanga ajenda inayofuata.

La mwisho ni visa, na hapa naomba mnisikilize wenye pasipoti zetu. Uliza mkutano ujao uko mji gani siku hiyo hiyo unapotangazwa. Ombi la visa ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hupelekwa kwa nchi utakayokaa zaidi, huwezi kuliwasilisha mapema kuliko miezi sita, na lisichelewe siku 15 kabla ya safari. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Mwenye kibali cha kuishi Ubelgiji au Sweden anaingia Roma, Bucharest, hata Zurich na Lausanne bila visa nyingine, maana Romania imekamilisha kuingia Schengen Januari 2025 na Uswisi imo japo si mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Lakini Edinburgh na Glasgow ziko Uingereza, na Dublin iko Ireland, nazo zote hazimo Schengen: kibali chako cha Ubelgiji hakikufikishi huko. Vivyo hivyo aliyeko Glasgow anahitaji visa kwenda Athens. Wenzako wenye pasipoti za Ulaya hawatakumbuka kukwambia, kwa sababu wao hawajawahi kupanga foleni hiyo. Waandaaji waombe barua ya mwaliko yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, na sentensi inayosema nani analipia hoteli.

Maswali mengine yaacheni hapa chini. Anayekwenda mkutano wa vuli na yuko ofisi ya usajili, aniambie, nina nakala ya lile jedwali.