Rejista imejaa rangi, mapato yanavuja

SWALI: Mimi ni mkaguzi wa ndani katika halmashauri ya wilaya. Rejista yetu ina vihatarishi 64, yaani mambo yanayoweza kutukwamisha kufikia malengo, kila kimoja kina alama, rangi na mhusika. Kamati ya Ukaguzi inataka nieleze usimamizi wetu wa vihatarishi umekomaa kufikia ngazi ya ngapi, kuanzia 1 (chini) hadi 5 (juu). Kuna mshauri anayesema ataimaliza kazi kwa siku 3 kwa fomu yake ya maswali. Tumpe?

JIBU: Msimpe. Fomu hizo huuliza: mna sera? mna rejista? mna mratibu? Ndiyo, ndiyo, ndiyo, hongereni, ngazi ya 4. Wizara ya Fedha ilitoa mwongozo wa usimamizi wa vihatarishi Desemba 2012, na bado wapo wanaodhani kuutekeleza ni kujaza jedwali.

Anza rejista ikiwa imefungwa. Kusanya hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) za miaka 3, taarifa za hasara, kesi mlizoshindwa na riba mlizolipa kwa kuchelewesha malipo ya makandarasi. Kisha jiulize kwa kila tukio: kabla halijatokea, lilikuwemo kwenye rejista? Kama halikuwemo, tatizo ni utambuzi. Kama lilikuwemo kwa alama 6 na rangi ya kijani, yaani hatari ndogo, tatizo ni tathmini. Kama lilikuwa jekundu na likatokea vilevile, udhibiti uliandikwa tu. Magonjwa hayo matatu hayana dawa moja, na fomu haiwezi kuyatofautisha.

Sasa fungua rejista. Chagua vihatarishi 5 vyenye alama za juu, ukifuate kimoja kimoja hadi mwisho. Tuseme ni upotevu wa mapato ya ndani, na udhibiti ulioandikwa ni "usuluhishi wa POS na benki kila siku", yaani kulinganisha makusanyo ya mashine za kukusanyia mapato (POS) na fedha zilizoingia benki. Omba orodha ya mashine zote, pamoja na zilizoharibika na zilizorudishwa. Chukua mashine 10, siku 20 kwa kila moja, ulinganishe makusanyo na taarifa ya benki. Angalia pia siku ambazo mashine ilikuwa nje ya mtandao, na nani aliulizwa. Usuluhishi uliosainiwa wote siku moja, kwa kalamu moja, wiki moja kabla ya ukaguzi, si udhibiti.

Hapo ndipo mchezo wa alama hujitokeza. Alama ni uwezekano wa kutokea mara ukubwa wa athari. Kihatarishi ghafi, kabla ya udhibiti, ni 4×5=20, kinachobaki baada ya udhibiti 2×3=6, na kilichokishusha ni sentensi hiyo ya usuluhishi ambao haufanyiki. Udhibiti usio na ushahidi wa miezi 12 usipunguze alama hata moja, rudisha 20. Na msiiamini sana hiyo kuzidisha: 1×5 na 5×1 zote ni 5, lakini moja inaweza kuwa zahanati kuungua na nyingine ni shajala (karatasi na vifaa vya ofisi) kuchelewa kila mwezi.

Baadaye tafuta fedha. Hatua ya kukabili kihatarishi inayohitaji gharama lakini haina kifungu kwenye bajeti ni matamanio. Soma pia mihtasari ya menejimenti: kuna uamuzi hata mmoja uliobadilika kwa sababu ya kihatarishi? "Taarifa ilipokelewa" si uamuzi. Kama hakuna, sioni mnavyovuka ngazi ya 2, hata jalada la sera liwe la rangi gani.

Jambo moja unalopaswa kulichunga wewe mwenyewe: kama uliombwa "usaidie" kuandika rejista, kama inavyotokea mara nyingi mno, huwezi kuitathmini. Waambie Kamati mapema, aletwe mkaguzi mwingine. Mwenye kihatarishi ni mkuu wa idara, si mkaguzi.

Kuhusu washauri wa siku 3 kwa ujumla: wengi huuza rejista ya taasisi nyingine iliyobadilishwa nembo. Kabla ya kulipa, tafuta humo jina la kitengo msichokuwa nacho, tarehe za utekelezaji zilizokwishapita siku ya kukabidhiwa, na vihatarishi vya mahali pengine. Halmashauri isiyo na ziwa, mto mkubwa wala bahari haiwezi kuwa na kihatarishi cha boti ya doria kuzama.