Kwa wadogo zangu mnaoanza kuongoza meza

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya Isha, nilialikwa kwenye meza ya mmoja wa vijana wetu hapa Chake Chake, anayeongoza mchezo wetu wa kuigiza kisa, ambamo mwongozaji huandaa mahali na watu wa kisa, kila mchezaji huigiza mhusika wake, na dadu huamua kama alilojaribu limefanikiwa, na katika muda wa saa mbili nilimwona akimrudisha mchezaji mmoja mara tatu kutoka kwenye mlango uleule wa ndani ya kisa, kwa sababu nyuma ya mlango huo hakuwa ameandaa kitu. Nilirudi nyumbani nimeumia, kwa kuwa kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, na kwa kuwa nampenda kijana yule na naupenda mchezo huu. Nawaandikia nyote mliokwisha kununua dadu na kuchora ramani, na ambao hamhitaji tena kuelezwa karatasi ya mhusika, ile inayoandikwa sifa na uwezo wake, ni kitu gani.

1. Msirushishe dadu ovyo. Mkimtaka mchezaji arushe anapoanza kupanda ukuta, arushe tena katikati na tena akikaribia juu, na kila mara nafasi yake ni nusu kwa nusu, basi nafasi ya kufika imebaki asilimia 12.5, na aliyemwangusha ni nyinyi, si ukuta. Arushe mara moja, na jibu liheshimiwe.

2. Kikao cha watu sita kipangeni kama cha watu wanne. Msimu wa karafuu nusu ya meza iko mashambani, na Mfungo Mosi kila mmoja ana harusi ya binamu yake. Ramadhani ndiyo neema yetu: baina ya tarawehe na daku watu wako macho, wametulia na hawana haraka ya kwenda popote, na kuna mwaka ambao kisa chetu kilisonga mbele katika mwezi huo mmoja kuliko miezi mitano iliyoutangulia. Mhusika wa asiyekuwapo abaki kulinda jahazi.

3. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Miaka kadhaa nyuma niliandaa kisa juu ya magofu ya Pujini, ngome ya karne ya 15 inayonasibishwa na Mkama Ndume, mtawala ambaye masimulizi ya Pemba yanamtaja kwa ukali wake. Mnakijua kile kisima ambacho wazee husema kiligawanywa kwa ukuta ili wake wawili wa mtawala wachote maji bila ya kuonana. Mimi nilikifanya mtego: wachezaji wafike, walinzi watoke gizani, wote wakamatwe na kupelekwa mbele ya mtawala, ambaye hotuba yake ya kurasa tatu nilikuwa nimeshaihifadhi kwa moyo.

Mezani alikuwapo mwalimu mmoja wa skuli, dada mtulivu, ambaye kwa vikao sita alirusha dadu alipoambiwa na kusema machache. Usiku ule aliinua kichwa akaniuliza kama ukuta ule unafika hadi kwenye maji. Nikamjibu kuwa haufiki. Akasema kuwa mhusika wake atainama upande mmoja na kumwimbia mke aliye upande wa pili, amjuulishe kuwa ana mwenzake ambaye hajawahi kuuona uso wake, kisha awaombe wote wawili wawafungulie lango la ngome kwa ndani. Meza nzima ilinyamaza. Alirusha dadu mbele yetu sote, likatua kwenye 20, nambari ya juu kabisa ya dadu la pande ishirini. Nami, kwa kuifikiria hotuba yangu, nikasema: “Hakuna anayejibu. Walinzi wanatoka.”

Wenzake walilalamika, yeye hakulalamika. Aliilaza penseli yake juu ya karatasi, nami nikatoa hotuba mbele ya watu waliokuwa wakitazama saa. Alikuja mara moja zaidi, kisha akatuma salamu kuwa ana mitihani ya kusahihisha. Baada ya mwezi nilimwendea kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, akaniambia kwa upole: “Kaka, kama jibu lilikuwa limeshaandikwa, ungeniita nije kusikiliza tu.” Hakurudi. Wale wake wawili aliowapa sauti kwa sentensi mbili walikuwa bora kuliko yote niliyoyaandika kwa miezi minne, na karatasi ya mhusika wake ninayo hadi leo.

Bao lina mashimo 32, na hakuna kete inayochezwa nje ya hayo. Mchezo wetu, tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipoutoa wa kwanza wa aina yake nchini Marekani mwaka 1974, umesimama juu ya kinyume chake: mchezaji anaweza kujaribu jambo ambalo kanuni hazikulitaja na mwongozaji hakulifikiria. Kwa hiyo siku hizi naandika nani yuko wapi, anataka nini, na atafanya nini asiposumbuliwa na mtu, yatakayotokea siyaandiki.

4. Maandishi yenu yawe kwenye karatasi na taa ya akiba iwe karibu, kwani umeme hukatika pale hasa zimwi linapoingia.

Kijana wetu wa Ijumaa alinisindikiza hadi njiani, akaniuliza aandae nini kwa kikao kijacho. Nilimwambia aanzie palepale: mchezaji amesimama mbele ya mlango, mkono uko kwenye komeo, na kabla haujafunguka amuulize anatarajia kukuta nini ndani.