Kabla hujagusa baiti, hakikisha uko peke yako

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kompyuta huku kwetu Masasi, msimu wa korosho ukifika utaitwa maghalani, na iko siku utashawishika kufungua faili la hifadhidata kwa kihariri cha baiti, yaani programu inayobadili baiti za faili moja kwa moja. Nisikilize kwanza.

Mimi niliitwa na chama kimoja cha msingi cha ushirika wa wakulima. Malipo ya mzee mmoja yalikwama benki kwa herufi moja tu: jina lake kwenye kompyuta lina "m" pahali pa "n". Programu ya mizani haikuruhusu kusahihisha jina, lakini faili lake lilikuwa la SQLite, mfumo wa hifadhidata unaotunza data zake ndani ya faili moja. Kwa kibali cha katibu nikalifungua, nikabadili 6D, baiti ya "m", kuwa 6E, baiti ya "n", nikahifadhi. Robo saa baadaye "m" imerudi. Nikarekebisha tena, ikarudi tena. Na mzee yuko nje, amekaa juu ya gunia, ananisubiri.

Kumbe karani hakuwa ameifunga programu. Alikuwa anaingiza namba ya simu ya mkulima mwingine ambaye taarifa zake ziko ukurasa mmoja na za mzee. SQLite hugawa faili vipande viitwavyo kurasa, na huandika ukurasa mzima kwa mpigo, mara nyingi baiti 4096. Programu hubaki na nakala ya ukurasa huo kichwani mwake, na hujua faili limebadilika kwa kutazama kihesabio kilicho baiti ya 24 hadi 27, ukihesabu kuanzia sifuri. Kihariri hakikigusi kihesabio hicho. Basi programu ikaiamini nakala yake ya zamani, ikaifukia kazi yangu.

Usitegemee kufuli. BEGIN EXCLUSIVE, amri ya SQLite ya kujifungia faili, huwazuia wanaopita mlango wa SQLite. Kihariri cha baiti hakipigi hodi. Waombe makarani wote wafunge programu, kisha hakikisha mwenyewe kwenye orodha ya programu zinazoendelea. Halafu tazama pembeni ya faili. Ukiona jina lile lile linaloishia na -wal au -journal, tafadhali sana usilifute. La kwanza linaweza kuwa na mizani ya asubuhi nzima ambayo haijahamia faili kuu. La pili ndilo la kulirudisha faili katika hali yake umeme ukikatika katikati ya kuandika. Fungua kwanza kwa sqlite3, programu ya SQLite yenyewe ya kuandikia amri, lijiponye, funga, ndipo unakili.

Mara ya tatu nilifanya hivyo, nikahariri nakala, nikaendesha PRAGMA integrity_check, amri ya kukagua uzima wa faili. Badala ya "ok" ikalalamika kuna safu ya taarifa isiyoonekana kwenye faharasa, ile orodha ya kutafutia haraka, kwani jina liliandikwa huko pia, kwa herufi ya zamani. Nikarudi kwenye nakala safi, nikaandika UPDATE moja, amri ya kubadili data, kwa sqlite3. Jina na faharasa vikabadilika pamoja, na "n" ya mzee ikakaa.

Siku hizi kihariri cha baiti nakitoa pale tu sqlite3 inapokataa kabisa kulifungua faili, kwa mfano zile baiti 16 za mwanzo, zinazolitambulisha faili kuwa la SQLite, zinapoharibika.