Nimesoma EGM, nataka HR na hesabu pamoja, inawezekana?

SWALI: Shikamoo dada. Nimemaliza form six, EGM (uchumi, jiografia na hesabu), hesabu nimepata B na ndo somo ninalolipenda kuliko yote ila nataka pia kusomea rasilimali watu maana dada yangu ni HR na kazi yake naona naiweza kabisa. Shida mjomba, yeye ndo atalipa ada, anasema HR ni kozi ya watu wa maneno mengi hesabu zangu zitaozea huko. Kuna namna naweza kusoma vyote viwili? Msomaji, Singida.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera, B ya advance sio ya kuokota.

Kwanza chuo. Hapa kwetu degree unaichukua kama ilivyofungwa, ukienda Mzumbe kuna HRM yao, yaani usimamizi wa rasilimali watu, UDSM kuna BCom ya HRM pale shule ya biashara, na hesabu iko upande mwingine kabisa wa chuo, wanaosoma masomo mawili sawa kwa sawa mara nyingi ni wale wa ualimu. Uingereza kuna chuo kinaitwa Keele ambacho tangu kianze mwaka 1949 kimejulikana kwa kufundisha masomo mawili ndani ya degree moja, lakini ada ya huko usimtajie mjomba kabla hajala.

Halafu mjomba hajakosea sana ujue. Ndani ya HRM utakutana na takwimu za biashara na uhasibu kidogo, basi, zile integration ulizokesha nazo hutaziona tena. Ila anaposema zitaozea hapo ndo nakataa, na nakataa kwa aibu yangu mwenyewe.

Mwaka 2022 nilikuwa mgeni kazini nikapewa payroli, yaani kupiga mishahara ya ofisi. Kuna fundi mmoja mshahara wake 800,000, mimi nikachukua hiyo 800,000 nzima nikaipiga kodi, ikatoka 78,000, nikaendelea na wengine roho safi. Siku ya mshahara yule baba akaja na slip yake na kisimu cha batani, akasema mama hebu tukae. Akatoa NSSF kwanza, yaani mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, ikabaki 720,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, mpaka 520,000 kodi ni 20,000, ile 200,000 inayozidi unakata asilimia 20, unapata 40,000, jumla 60,000. Nilimkata 18,000 ya bure! Na sio yeye peke yake, nilirudia ofisi nzima kwa siku mbili nikiwa nimejifungia. Yule fundi kasoma mpaka darasa la saba lakini alijua kipi kinatangulia, mimi na GPA yangu nilikuwa najaza tu vibox vya Excel.

Vitu kama hivyo HR vimejaa. Kiinua mgongo kwa sheria ya kazi ya 2004 ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliomaliza mtu, mwisho miaka 10, na ukitafuta mshahara wa wiki hugawi kwa 4 unagawa kwa 4.333. Maofisa wengi wanaikariri hiyo namba, wewe utaona mara moja ni wiki 52 kugawa kwa miezi 12.

Sasa uchague nini. Kama hesabu unaipenda yenyewe, yaani ukikosa swali hulali, nenda kwenye hesabu au actuarial science pale UDSM, hao ndo wanapiga mahesabu ya mifuko ya pensheni na bima, na HR unaweza kuiongeza baadae kwa postgraduate diploma. Kutoka hesabu kwenda HR njia ipo, kutoka HR kurudi hesabu sijamuona aliyepita. Ila kama ndoto yako ni uafisa utumishi serikalini chukua HRM moja kwa moja, matangazo yao ya ajira yanataja fani na mfumo hauna muda wa kusikiliza maelezo yako.

Kabla hujajaza maombi muombe dada yako slip moja, afunike pale chini kwenye net, yaani hela anayobaki nayo, akupe basic (mshahara wa msingi) na posho tu, wewe piga mpaka ifanane. Kama yuko serikalini ni PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, mfanyakazi anakatwa asilimia 5 sio 10, na kama alisoma kwa mkopo usisahau Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya basic. Ukiona umekaa saa nzima kwa shilingi 200 isiyojulikana imeenda wapi na bado una raha, mwambie mjomba aje aone.