Kwa nini kasuku hupapatika taa zinapozimwa

Umeuliza kwa nini kasuku wako hupapatika na kujigonga tunduni kila taa zinapozimwa ghafla, ilhali mchana huona hata punje ya mtama iliyodondoka sakafuni. Kasuku ni ndege wa mchana. Jicho lake lina seli za kutambua rangi za aina nne, si tatu kama letu, hivyo huona hata miale ya urujuanimno ambayo sisi hatuioni. Lakini seli hizo zinahitaji mwanga wa kutosha, na zile za kuonea gizani ni chache mno zikilinganishwa na za bundi. Wala hana ule utando wa nyuma ya jicho unaorudisha mwanga na kuyafanya macho ya paka yang'ae usiku.

Punguza mwanga hatua kwa hatua ili apate muda wa kushika kijiti chake, kisha acha taa ndogo hafifu mbali na tundu. Taa kali ya usiku kucha haifai, kwa kuwa anahitaji saa 10 hadi 12 za kupumzika. Akishtuka, washa mwanga mdogo na umsemeze kwa upole, wala usiingize mkono gizani, maana hautambui, na mdomo unaovunja ganda la njugu hautabagua kidole. Kukicha mkague mbawa kama zina damu. Iwapo anajikwaa hata mchana, au jicho lina ukungu, mpeleke kwa daktari wa mifugo.