Kunja ramani kwanza, ndipo uulize majina ya maziwa

Ukienda kukusanya majina ya Kigaeli ya vijiziwa vya Lewis, huko visiwani magharibi mwa Uskoti, usianze kwa kutandaza ramani mezani. Mimi nilianza hivyo, nikapoteza alasiri nzima. Bibi niliyemwendea alivaa miwani, akafuata maandishi kwa kidole, akawa ananisomea yaleyale yaliyochapishwa. Nilipoikunja ili tunywe chai, akaanza kusimulia walivyokuwa wakiswaga ng'ombe kwenda malisho ya kiangazi, yeye akiwa mtoto. Njiani akataja maziwa kumi na moja, moja baada ya jingine, kama miguu yake ilivyoyapita. Manne hayakuwa na jina lolote kwenye ramani yangu.

Tangu siku hiyo nauliza njia. Mkitoka nyumbani mlipita wapi? Ng'ombe walinywa wapi? Majina yanakuja yenyewe.

Simu iwe inarekodi muda wote, maana tahajia ya Kigaeli inamponza mgeni. Ile ch ya loch, yaani ziwa, ni kh ya wazee wetu wa pwani wanapotamka kheri, na bh husikika v. Loch Langabhat, kwa mfano, utasikia "langavat". Waviking, mabaharia wa kale kutoka Skandinavia, ndio walioliita ziwa refu kwa lugha yao. Wagaeli wakalipokea jina zima na kutanguliza loch, likawa ziwa la ziwa refu. Kwa hiyo ukisikia mwisho wa "vat", usihangaike kulitafutia maana ya Kigaeli.

Na tafadhali, usimsahihishe mtu sarufi. Karibu na kijiji cha Arnol kuna Loch na Muilne, ziwa la kinu cha kusagia nafaka. Aliyejifunza Kigaeli vitabuni atataka kuandika Loch a' Mhuilinn, kwa sababu Kigaeli hugawa nomino kuwa za kiume na za kike, na kwake kinu ni neno la kiume. Huko Lewis ni la kike. Ukilinyoosha jina hilo umefuta lahaja ya watu, na mtafiti wa kesho hatajua iliwahi kuwapo.

Wapima wa Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, waliozunguka Lewis kati ya 1848 na 1852 walikuwa na daftari zenye safu ya mashahidi: nani kasema jina linaandikwa hivi. Iga safu hiyo. Andika msemaji alikulia wapi na alilisikia kwa nani, kisha uweke viwianishi vya ziwa lenyewe, kwa kuwa Loch Dubh, ziwa jeusi, yako mengi mno.

Halafu rudi na orodha yako umsomee mwenyewe kwa sauti. Bibi yule alinisimamisha kwenye jina la saba. Nilikuwa nimeliweka ziwa upande usio wake wa kilima. Akaniomba kalamu, na safari hii akataka nimfungulie ramani.